Kwa nini intaneti ya chuo huwa nzito Jumatano moja kila mwezi

Kila mwezi kuna Jumatano moja ambayo simu yangu huanza kuita kabla sijafika getini. Uhasibu wanauliza kama kifurushi cha chuo kimeisha. Mhadhiri ameshindwa kupakia jaribio la saa nne. Maktaba wanasema mfumo wa vitabu unazunguka tu, haufunguki. Niko kitengo cha TEHAMA cha chuo kimoja hapa Tabora, na ilinichukua muda mrefu kuliko ilivyopasa kugundua kwamba ni Jumatano ileile kila mwezi. Kosa si la mtoa huduma, wala la wanafunzi wanaotazama mpira, ingawa hao ndio hulaumiwa kwanza.

Tangu Oktoba 2003, kampuni ya Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows kwa ratiba: Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu inakuwa saa mbili usiku, au saa tatu usiku ile miezi ambayo wenzetu wamerudisha saa zao nyuma. Muda huo ofisi zetu zimefungwa na kompyuta zimezimwa. Asubuhi yake, Jumatano, kila mtu anafika, anawasha mashine, na kila mashine inakumbuka kwamba kuna mzigo wake unaisubiri. Zote zinakwenda kuuchukua kwa pamoja, kwa njia ileile moja inayotuleta sote kwenye intaneti.

Tupige hesabu ndogo. Chukua ofisi zenye kompyuta 100, na sasisho la mwezi lenye megabaiti 700, ukubwa ambao si wa ajabu siku hizi. Hizo ni gigabaiti 70. Kwa njia ya megabiti 50 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), mzigo huo unahitaji zaidi ya saa tatu kushuka, tena kwa sharti kwamba hakuna mtu mwingine atakayefungua hata baruapepe. Watu wanafungua baruapepe, kwa hiyo mateso yanafika mpaka saa nane mchana, kisha hali inatulia yenyewe na kila mtu anadhani tumetengeneza kitu.

Jambo hili lilinikaa rohoni Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Jumanne ya tarehe 14 ikawa ndiyo Jumanne ya pili ya mwezi. Jumatano asubuhi tulikuwa na intaneti ya kudondoka kama bomba la kiangazi, na kila kompyuta chuoni inataka kunywa. Tulizima upakuaji wa masasisho kwa mkono, jengo kwa jengo, ili watu wapate angalau baruapepe. Wiki ile ndipo nilipoamua kwamba jambo hili haliwezi kuachwa lijiendee.

Kuanzia mwezi huu, basi, tumebadilisha mambo kadhaa, na ningependa mjue sababu zake, maana tangazo fupi la ukutani halitoshi.

La kwanza, kompyuta za ofisi zitagawana. Windows ina uwezo huo tangu zamani: mashine moja ikishachukua sasisho kutoka nje, jirani zake walio kwenye mtandao uleule wa ndani wanachukua vipande kutoka kwake. Kwenye baadhi ya majengo yetu uwezo huu ulikuwa umezimwa, na kwingine swichi za mtandao, vile visanduku vinavyounganisha kompyuta, ziligawanywa vibaya kiasi kwamba mashine hazikuonana. Kazi yetu ya miezi miwili iliyopita ilikuwa hiyo, kuzionanisha. Kwa hesabu ya pale juu, megabaiti 700 zikiingia chuoni mara moja tu, zinachukua sekunde 112. Yaliyobaki yanapita kwenye nyaya za ndani, ambazo hatuzilipii na hazimcheleweshi mtu.

La pili, kompyuta za ofisi zitasubiri siku saba. Hapa nimeulizwa maswali mengi, na maswali yenyewe ni ya haki. Kama ni sasisho la usalama, mbona tunalichelewesha?

Kuna matukio mawili yanayonivuta huku na huku. Machi 14, 2017, Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa kwenye Windows. Siku 59 baadaye, Mei 12, ikaja WannaCry, programu iliyojisambaza yenyewe kupitia tundu lilelile, ikafunga mafaili ya watu na kudai fedha ili iyafungue. Ilienea katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Wengi walioumia dawa walikuwa nayo ila hawakuinywa. Ukilitazama tukio hilo peke yake, utasema sasisha leo hii, tena sasa hivi.

Kisha Ijumaa ya Julai 19, 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro kwa wateja wake wa dunia nzima kwa mpigo. Halikuwa sasisho la Windows lenyewe, bali la programu ya ulinzi inayokaa ndani yake, lakini mashine zipatazo milioni 8.5 zilianguka na kugoma kuwaka. Ndege zilikaa chini. Nyingi ya mashine hizo zilihitaji fundi aifuate kila moja ilipo. Nilipolisoma hilo niliwaza ofisi zetu, na mafundi tulio nao ni watatu.

Siku saba ni uamuzi wangu kati ya matukio hayo mawili. Kompyuta za kitengo chetu zinapokea sasisho usiku uleule wa Jumanne, maktaba wanafuata Ijumaa, na wengine wote Jumatano inayofuata. Kama kuna kasoro, tuumie sisi kwanza. Na ikitokea tundu ambalo wahalifu wameshaanza kulitumia, hatutasubiri. Mtaona ujumbe kutoka kwetu na tutasasisha siku hiyohiyo, hata kama intaneti italemewa. Kompyuta mpakato zenu binafsi hatuzisimamii, hizo zitaendelea na ratiba yake.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike yote haya, nacho hakitatengenezwa na fundi yeyote.

Mwezi jana niliitwa masijala. Mama wa masijala ni mtu makini. Majalada yake yamepangwa, na kompyuta yake ina kitambaa cha kufuma cha kuikinga vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine imekuwa mzee kuliko mimi. Nafungua barua moja, nakwenda kuchota maji, narudi bado."

Nilimuuliza mara ya mwisho aliizima lini. Akanitazama kama nimemuuliza kama huwa anafunga mlango. "Kila siku! Naizima, nazima swichi, nachomoa na waya. Hapa Tabora radi unaijua mwenyewe."

Ninaijua. Msimu wa mvua ukianza Novemba, radi za hapa hupiga mpaka mabati yanatetemeka, na tumeshapoteza ruta mbili na printa moja kwa umeme uliopita kwenye waya. Anachofanya mama ni sahihi kabisa. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikafungua ukurasa unaoonyesha prosesa inavyofanya kazi, na pale chini kuna hesabu ya muda ambao mashine imekuwa macho. Ilisomeka siku 41.

Mama akainama akaisoma mwenyewe, akaisoma tena kwa sauti. "Arobaini na moja? Na mimi nachomoa kila jioni?"

Haikuwa inadanganya. Windows ya siku hizi ukiizima kwa njia ya kawaida haizimiki yote. Ili iwake haraka kesho yake, inaihifadhi roho ya mfumo kwenye diski kama ilivyo, kisha inalala. Ukichomoa waya hakuna kinachobadilika, kwa sababu diski haihitaji umeme ili ikumbuke. Asubuhi inaamka na roho ileile ya jana, pamoja na uchovu wake na viporo vyake. Namna rahisi ya kuianzisha upya kabisa ni ile ya Restart. Na masasisho mengi ya usalama hayakamiliki mpaka mashine ianze upya. Yanakuwa yameshuka, yamekaa ndani, lakini tundu bado liko wazi.

Tuliiwasha upya pale pale. Ilichukua dakika 20, asilimia zikipanda taratibu kwenye kioo cha bluu, na mama akiweka mihuri barua za pembeni. Ilipofunguka, barua ilifunguka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Ombi langu kwa ndugu zangu wa ofisini ndilo hilo. Kila Jumatano, mnapotoka kwenda kula saa saba, hifadhini kazi na bonyezeni Restart badala ya kuiacha mashine wazi au kufunga kifuniko tu. Ukikuta pale kwenye menyu maneno ya kusasisha na kuwasha upya, chagua hayo. Tumechagua saa saba mchana kwa sababu usiku hatuwezi kuwaomba muache mashine kwenye umeme, si kwa mji huu na mvua zake. Wenye UPS, ile betri ya chini ya meza, iangalieni kama bado inashika chaji. Nyingi nilizozikagua zinakata ndani ya dakika moja, na hizo nileteeni.

Kuna wachache ambao yote haya hayawasaidii tena. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za kabla ya 2018 kwa sababu ya prosesa, au kwa kukosa kile kifaa cha kutunza funguo za siri kiitwacho TPM 2.0. Inaniuma kuiondoa kompyuta ambayo kibodi na kioo chake bado vizima. Tumeanza kuzipitia moja moja. Zinazoweza kupanda tunazipandisha, na zisizoweza tunazihamishia Linux, mfumo mwingine usio wa Windows, au tunazitoa kwenye mtandao kabisa. Usinunue mpya kwa fedha ya idara kabla hatujaiona ya zamani.

Swali la mwisho nililoulizwa ni la umeme kukatika katikati ya sasisho. Mara nyingi Windows ikirudi inagundua kwamba haikumaliza, inarudisha mambo yalivyokuwa, kisha inajaribu siku nyingine. Kinachotisha ni sasisho la BIOS, ule mfumo mdogo ulio kwenye ubao wenyewe wa mashine. Likikatwa njiani mashine inaweza isiwake tena. Ukiona neno BIOS kwenye kioo, usibonyeze chochote, nipigie. Na kama ni saa saba, wingu limeshatanda na radi imeanza kunguruma, acha Restart ya Jumatano hiyo, zima na uchomoe waya. Utaiwasha upya Alhamisi.