Umepata mtoto gani? Maswali kuhusu jinsi na jinsia

Mimi ni mkunga, Dar es Salaam. Maswali haya nimeulizwa kwenye benchi la kliniki, mengine ndani ya daladala nikiwa bado na sare.

Sista, jinsi na jinsia si kitu kimoja?

Mtaani ni kimoja. Hata fomu imeandikwa "Jinsia", pembeni Me na Ke, na hakuna anayelalamika. Wataalamu ndio wanaotenganisha: jinsi ni maumbile, yaani kromosomu, homoni na viungo vya uzazi, jinsia ni yale jamii inayompangia mwanamke au mwanamume, nani apike, nani aandikwe kwenye hati ya kiwanja. Maana hii ya pili ilishika kasi miaka ya 1990: TGNP, mtandao wa kutetea usawa wa jinsia, ulianzishwa hapa Dar mwaka 1993, na mwaka 1995 Mama Gertrude Mongella akawa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing. Leo polisi wana dawati la jinsia, na mama aliyepigwa analiulizia bila kufungua kamusi.

Maabara wanataka Me au Ke ya nini? Damu si damu?

Chukua wingi wa damu wa 12.5. Mwanamke asiye mjamzito yuko salama, kwa kuwa kiwango chake cha chini ni 12. Kwa mwanamume ni 13, kwa hiyo huyo ana upungufu na lazima tutafute chanzo.

Jirani kajifungua, wakunga hawakusema ni wa kike au wa kiume. Ni laana?

Hapana. Wodini tuna desturi: mtoto akitoka tunamwinua mbele ya mama na kumuuliza, "Umepata mtoto gani?" Mama ataje mwenyewe. Kuna aliyetazama, akatazama tena, akanigeukia: "Sista, mbona sielewi?" Nami sikuwa na jibu. Nilimfunika mtoto nikamweka kifuani kwa mama yake.

Sababu ni nyingi. Mojawapo ni hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo: zinatoa homoni za kiume kupita kiasi, na mtoto wa kike anazaliwa na viungo vinavyofanana na vya kiume. Baadhi ya watoto hawa mwili unashindwa kutunza chumvi. Wiki ya pili au ya tatu anaanza kutapika, analegea, anakauka maji, na anaweza kufa huku majirani wakibishana amerogwa na nani. Dawa zipo, na atazihitaji maisha yake yote.

Kuhusu upasuaji madaktari wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaotaka ufanyike mapema ili mtoto asije kuchekwa. Wengine wanataka asubiriwe akue aamue. Mimi niko na hawa wa pili, isipokuwa pale mkojo unapokosa njia.

Aitwe huntha?

Ni neno la zamani lenye asili ya Kiarabu, na masheikh wanalijua kwenye hukumu za mirathi. Ubaya wake ni namna linavyotamkwa uani. Wengine sasa wanasema "mwenye jinsi tata". Kenya iliwahesabu katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524.

Na mwenye maumbile ya kawaida anayesema yeye ni wa jinsia nyingine?

Hapa ndipo daladala huwaka moto. Viongozi wengi wa dini na wazazi wanasema Mungu aliumba mume na mke, basi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeliondoa jambo hili kwenye magonjwa ya akili na kuliweka kwenye afya ya kujamiiana. Ubishi huo siumalizi mimi. Akija kwangu nitamuuliza ana viungo gani na anatumia dawa gani, maana mwenye tezi dume anaweza kuugua tezi dume, ajiite vyovyote.

Majibu ya mtoto hayajatoka. Tumwiteje?

Mwiteni mtoto. Kiswahili kimetusaidia hapa: "yeye" ni wa kike na wa kiume pia. Amenyonya? Amelala? Amekojoa mara ngapi? Hilo la mwisho ndilo ninalotaka mlijibu hasa. Kama hajakojoa tangu asubuhi, mleteni hata saa nane za usiku.