Mhusika wa Kawaida Ana Kawaida Zake

Wiki iliyopita nimepokea muswada mwingine wa riwaya ya mapenzi. Ukurasa wa kwanza, aya ya pili, nikakutana nayo tena: "Alikuwa msichana wa kawaida tu." Aya ya tatu: rangi ya maji ya kunde, umbo namba nane, macho kama amekula kungu. Nikasoma kurasa 40 za huyo dada, na mpaka namaliza sikujua anafanya kazi gani, anakaa na nani, wala mchana anakula nini. Nikampigia mwandishi. Akanipa jibu ambalo nimechoka kulisikia: "Dada, nimemwacha hivyo makusudi, ili kila msomaji ajione yeye."

Hapana, mdogo wangu. Nimelijibu hili kwenye simu mara nyingi mno. Leo naliandika.

Kazi yangu ni kuhariri simulizi za mapenzi, nyingi zikiwa zile zinazouzwa kwa vipande kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hazijawa kitabu. Faida moja ya kazi hii ni kwamba naona wasomaji wanavyopokea kila kipande siku hiyohiyo. Na sijawahi kuona msomaji akiandika "huyu ni mimi kabisa" chini ya sentensi inayosema mhusika ni wa kawaida. Wanaandika hivyo pale mhusika anapochomoa simu yenye chaji asilimia 12, kwa sababu mpangaji mwenzake amenuna kuhusu hela ya umeme wa LUKU. Waliowahi kugombania umeme wanaguswa, na ambao hawajawahi wanamwelewa, maana nao wana jambo dogo lao linalowanyima raha nyumbani. Msomaji hajioni kwenye utupu. Ukimwachia nafasi tupu ajaze mwenyewe, anapitiliza.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Siku hizi tunatumia "kawaida" kwa maana ya "hana lolote". Lakini sikiliza tunavyosema majumbani: "amechelewa kama kawaida yake", "si kawaida yake kunyamaza hivi". Wahenga walisema kawaida ni kama sheria. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni msingi au kanuni. Kwa hiyo mhusika wa kawaida ni mtu mwenye kawaida zake: ana saa yake ya kuamka, ana njia anayopita, ana anayemdai na anayemkwepa. Ukimvua hizo amebaki jina na umbo namba nane.

Wapo wanaodhani kawaida ni sura mbaya. Si kweli, tuendelee. Wengine wanadhani ni umaskini, nayo si kweli. Mhasibu mwenye mshahara wa uhakika na mkopo wa gari ni wa kawaida kabisa.   Na mwanamume tajiri sina ugomvi naye, mpendeni mkitaka.

Ninachogombana nacho ni aibu. Kwenye miswada hii msichana akialikwa chakula cha jioni anakataa kwa sababu "aliona aibu". Akipigiwa simu hapokei, ni aibu. Akipewa zawadi anairudisha, aibu tena. Mwandishi anaitegemea aibu kwa sababu hana kingine: hajampa huyu msichana jambo lolote la kumzuia.

Hebu mpe. Tuseme anauza dawa kwenye duka la Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Jumamosi ana zamu mpaka saa tatu usiku, na Jumapili asubuhi kijumbe anapita kukusanya hela ya mchezo, yaani upatu. Mwanamume anamwalika Masaki, mtaa wa matajiri ulio mbali na kwake, Jumamosi hiyohiyo. Sasa akili yake inafanya hesabu. Kwenda atafika, lakini kurudi? Daladala zitakuwa zimepungua, bajaji ya usiku kutoka Masaki mpaka Mbagala itakula hela ya kijumbe, na kumwomba nauli mtu usiyemjua vizuri ni kumpa neno la kusema baadaye. Basi anajibu, "Kichwa kinaniuma." Uongo mdogo, uliozaliwa na nauli. Mwanamume anausoma kama kukataliwa. Na msichana ananyamaza, maana akieleza atakuwa kama anaomba. Hapo umeshapata sura nzima ya nne, bila kumleta mchumba wa zamani kutoka Afrika Kusini kuja kuvuruga mambo. Kizuizi kimetoka ndani ya maisha ya mhusika, na siku kikiondoka, msomaji atajua ni nini kimebadilika kati yao.

Sijazua hili mimi. Chukua Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847, ambayo watu huitaja wakitetea msichana wa kawaida. Jane ni mwalimu wa nyumbani, na tunajua hasa mshahara wake: pauni 30 kwa mwaka. Na mojawapo ya mazungumzo matamu ya mapenzi kati yake na Rochester, mwajiri wake, ni ya mshahara. Anaomba ruhusa ya kusafiri. Rochester anampa noti ya pauni 50 wakati anadaiwa 15. Jane anakataa kupokea zaidi ya haki yake. Mwanamume anatoa 10, Jane anamwambia bado anamdai 5. Kisha Rochester anajuta kumpa nyingi, anataka arudishiwe 9, na Jane anaficha mikono na kibeti chake nyuma ya mgongo. Hakuna aliyetamka neno "nakupenda", lakini msomaji ameshaelewa kwamba huyu mwanamume haogopi kupungukiwa hela, anaogopa huyu dada asirudi. Tungekuwa hatujui kwamba kwake kila pauni ina hesabu, pasingekuwa na mchezo wowote hapo.

Sasa niseme ninachokitilia shaka, maana nisiposema nitakuwa nawadanganya. Vipande vyenye kijumbe na nauli mara nyingi havipati maoni mengi kama vile vya busu la kwanza. Wasomaji wanauliza "watakutana lini?" na wanalalamika wameachwa na arosto ya kusubiri kipande kinachofuata. Simulizi zenye msichana mtupu na bosi tajiri zinauzwa, naziona kwa macho yangu. Kuna muswada mmoja nilimsukuma mwandishi aongeze maisha, akaongeza, nikamsukuma tena, mpaka mhusika akageuka daftari la madeni. Msomaji mmoja akaandika kwamba shida hizo anazo nyumbani, hapa alikuja kupumzika. Alikuwa na haki, na jibu la kumtosha sijalipata mpaka leo.

Kipimo ninachotumia ni hiki: jambo dogo libaki kama linabadilisha maneno ambayo msichana atamwambia huyo mwanamume. Lakini hata hicho nakivunja. Mwaka jana niliiacha aya nzima ya mhusika akikunja khanga ya marehemu bibi yake, haikubadilisha chochote kwenye kisa, niliiacha kwa sababu kila nikiisoma nilimwona.

Yule mwandishi wa wiki iliyopita nimemrudishia muswada na swali moja tu pembeni mwa ile aya ya pili: umeme ukiisha usiku, huyu dada anafanya nini? Amenijibu juzi. "Analala gizani. Ilikuwa zamu ya dada yake kununua, na hawaongei tangu Idi."

Nilikuwa nimesoma kurasa 40 bila kujua kwamba ana dada.