Kuni za msitu wa umma: gogo la kuchukua na gogo la kuacha

Kibali cha kukata kuni za matumizi ya nyumbani kwenye msitu wa umma huwa karatasi fupi, lakini kisome chote kabla hata ya kunoa msumeno wa mnyororo. Kinaeleza ukate eneo gani, tarehe zipi, kiasi gani, na kama unaruhusiwa kugusa mti uliosimama au ulioanguka tu. Vingi huruhusu miti iliyokufa pekee na hukataza kuuza. Kiwe mfukoni msituni na njiani, maana ndicho kitakachoulizwa kwanza ukisimamishwa na mzigo.

Hapo kwenye "iliyokufa" ndipo wengi wanapoharibu. Mti usio na majani si lazima uwe umekufa. Mingi hupukutisha majani msimu wa ukavu au wa baridi, kisha huchipua tena. Chukua kisu, kwangua gome la kijitawi hadi ufikie ngozi ya ndani. Ukiona kijani chenye majimaji, mti uko hai, uache. Ukikuta kahawia kavu, bado usiwashe msumeno: kwangua tawi la pili na la tatu, kisha shina lenyewe, kwa sababu tawi moja linaweza kukauka huku mti ukiendelea kuishi.

Mimi nashauri uanze na magogo yaliyolala, na kama yanatosha uishie hapo. Mti uliokauka ukiwa wima ni hatari kuliko mbichi. Matawi yake yaliyolegea huporomoka kwa mtikisiko tu wa kazi, na shina likishaoza ndani huwezi kuliongoza liangukie unakotaka. Ukiangusha mti mzima, unakata kwanza pengo upande wa kuangukia, kina chake kama robo ya kipenyo. Mkato wa nyuma unaacha ukanda usiokatwa wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Ukanda huo ndio bawaba ya kuushikilia mti hadi ulale, na mbao iliyooza haina nguvu ya kuwa bawaba. Watu wengine wakae umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti. Wenye mashimo usiuguse kabisa: humo wanalea ndege na popo, na msitu unawahitaji kuliko wewe unavyohitaji mzigo mmoja wa kuni.

Gogo lililolala lipime kwa kisogo cha shoka. Zima hulia kwa ukali. Lililooza hutoa mlio mzito uliokufa. Kisu kikizama sentimita mbili tatu bila kulazimishwa, kuvu wameshakula sehemu kubwa ya kile ambacho kingekupa joto. Liache lirutubishe udongo.

Kazi ya kukata vipande inahitaji macho kabla ya mikono. Simama pembeni utazame gogo limeegemea wapi. Likiegemea ncha zote mbili huku katikati pako hewani, uzito unavuta chini: nyuzi za juu zinabanana, za chini zinavutana. Ukikata kutoka juu moja kwa moja, mkato unajifunga na msumeno unanaswa. Kwa hiyo kata juu hadi theluthi ya unene, kisha malizia kutoka chini. Likiwa limeshikwa upande mmoja na upande wa pili unaning'inia, mambo yanageuka: anza chini, theluthi, halafu malizia juu. Ukianza juu, ncha huvunjika kabla ya wakati na shina linaweza kupasuka kwa urefu wake ghafla. Lililolala bapa chini likate robo tatu sehemu zote, ligeuze, ndipo umalizie. Mnyororo ukigusa mchanga mara moja tu umekwisha makali. Utajua ukiona msumeno unatoa unga badala ya vijipande. Kwenye mkato tumia kabari ya plastiki, si ya chuma. Kwenye mteremko simama upande wa juu, na usiguse mti kwa pembe ya juu ya ncha ya msumeno, kwani ndiyo inayourusha nyuma kuelekea usoni.

Moto nao ni wa kuogopwa. Hakikisha bomba la moshi la msumeno lina wavu wa kuzuia cheche, acha mashine ipoe kabla ya kujaza mafuta, na uiwashe tena angalau mita tatu kutoka hapo ulipojaza. Koleo na maji viwe karibu.

Kuhusu mzigo: mita moja ya ujazo ya kuni zilizopangwa ina takriban theluthi mbili ya mbao, zilizobaki ni nafasi za hewa. Mbao ngumu mbichi kwa kipimo hicho hupita nusu tani kwa urahisi, kwa hiyo gari dogo huelemewa kabla halijajaa. Usizisafirishe mbali pia. Mbawakawa wa kijani anayeua miti ya ash aligunduliwa Michigan, Marekani, mwaka 2002, na kuni zilizobebwa kwa magari zimemsaidia sana kusambaa.

Ukifika nyumbani, chanja mapema, maana gome huzuia maji kutoka. Vipande vyenye unene wa sentimita 8 hadi 15 hukauka vizuri. Panga juu ya miti iliyoinuliwa kutoka ardhini, funika juu tu, pande ziachie upepo. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 20: hapo kilo moja hutoa takriban kilowati-saa 4, wakati kilo ya kuni ambazo nusu ya uzito wake ni maji hutoa kama nusu ya hiyo, kwa sababu mbao ndani yake ni kidogo, na sehemu ya moto inatumika kuchemsha maji kwanza. Mbao laini huweza kuchukua miezi sita, ngumu mwaka au zaidi. Zikiwa tayari, ncha zina nyufa, na vipande viwili vikigonganishwa hulia kwa ukali.