Mgongo unauma mwaka wa tatu, je disk imeisha?

Mimi ni fizio, yaani natibu viungo kwa mazoezi, hapa Nairobi na wengi wanaokuja kwangu ni watu wa mgongo na shingo: makondakta, mama fua, watu wa mjengo, wasichana wanaosimama dukani kutwa. Wengi wanaingia na bahasha kubwa ya picha za MRI kwapani na hata kabla ya kukaa wanauliza, daktari, disk imeisha? Disk ni zile kama mito ndogo kati ya mifupa ya mgongo.

Wacha nianze na hiyo picha maana hapo ndipo woga unaanzia. Mwaka 2015 ilitoka ripoti iliyokusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawana maumivu yoyote, wazima kabisa, na ikaonekana kwamba kwa wenye miaka 20 tayari asilimia 37 walikuwa na disk zilizoanza kuchakaa, miaka 50 ni asilimia 80, miaka 80 ni 96. Na hao hawaumwi! Kwa hivyo ukisoma kwa ripoti yako maneno makali makali kuhusu disk, jua hata jirani yako anayebeba magunia Gikomba akipigwa picha anaweza kutoa ripoti kama hiyo. Picha inasaidia, sisemi haina kazi, lakini peke yake haiwezi kukwambia kwa nini unaumwa.

Sasa kama si disk ni nini? Mwaka 1965 watafiti wawili wa maumivu, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, ujumbe wa maumivu unaweza kupunguzwa au kuongezwa hapo kabla haujafika kwa ubongo. Halafu 1983 mtafiti mwingine, Clifford Woolf, akifanya utafiti na panya, akaonyesha kwamba baada ya jeraha seli za neva za ndani ya uti wenyewe zinabadilika zinakuwa kali, kitu kidogo tu kinazichokoza. Fikiria askari wa geti pale ploti, wezi wakiingia usiku mmoja basi wiki inayofuata anasimamisha kila mtu, hadi wenye nyumba, hadi watoto wa shule. Wezi walishaenda lakini yeye bado yuko macho. Neva zikifika hapo, kuinama kuokota kijiko kunauma sana ingawa hakuna kinachoraruka ndani.

Na hapa nakasirika kidogo, kwa sababu watu wakisikia hivi wanasema aha, kumbe anajifanya. Hapana. Maumivu ni ya kweli, yanatoka kwa neva za kweli, na yakipita miezi 3 tunayaita maumivu sugu, yako hata kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Kukosa usingizi, presha ya rent, kuogopa kwamba utapooza, hayo yote yanazidisha ukali wa neva. Mke au mume anayekwambia wewe ni mvivu anazidisha pia.

Kitu ninachoona sana ni hiki: siku mgongo umetulia mtu anafanya kazi zote zilizolala, halafu analala kitandani siku tatu. Kuna mama fua mmoja alikuwa akitaka kuinama anashika ukuta kwanza, anabana pumzi, anakaza tumbo, ndio ashuke. Tulianza na pumzi tu, anaitoa polepole akishuka. Karai tukaipandisha juu ya kreti ya soda, akawa anafua anaangalia saa, anaacha kabla maumivu hayajapanda, anaenda kuanika chache, anarudi. Muda tukauongeza kidogo kidogo. Maumivu hayajaisha yote lakini anafanya kazi na analala, na kwangu mimi hiyo ni kubwa.

Kutembea nako msikudharau. Australia walifuata watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona maumivu ya mgongo, na utafiti ukachapishwa 2024. Waliopewa mpango wa kutembea na mafunzo ya fizio, nusu yao walikaa zaidi ya siku 208 kabla maumivu yarudi, kwa wale ambao hawakupewa mpango huo ilikuwa siku 112. Lengo lilikuwa dakika 30 mara tano kwa wiki, mtu anajenga pole pole hadi afike. Shuka stage moja kabla ya yako, anza hapo.

Diklofenaki kila siku miezi na miezi, tafadhali jamani, inakula tumbo na inaumiza figo, na hata hizo neva haizitulizi.

Lakini ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikiishiwa nguvu, usingoje fizio wala usianze kutembea, nenda emajensi siku hiyo hiyo. Ukiwa na homa pamoja na maumivu, au unakonda bila sababu, au uliwahi kutibiwa kansa, muone daktari haraka na umwambie hivyo wazi.