Je, wajua kwa nini godoro la mashuani hulowa upande wa chini?

Inua godoro kwenye chumba cha mashua ndogo ya faiba asubuhi, baada ya mtu kulilalia usiku mmoja tu, kisha pitisha kiganja chini yake. Mvua haikunyesha, dirisha halikuvuja, na shuka la juu ni kavu. Ila ubao wa chini umelowa kwa umbo la mtu: doa moja mabegani, jingine nyongani, na katikati, pale kiuno kisipokandamiza, pakavu. Maji hayo yametoka kwa aliyelala.

Mtu akilala hutoa mvuke usiku kucha kwa pumzi na kwa ngozi, kiasi cha robo lita na zaidi. Sehemu ya mvuke huo hushuka ndani ya sponji. Kitanda cha nyumbani kina chaga, na chini ya chaga kuna hewa ya chumba kizima, kwa hiyo mvuke hupita ukaenda zake. Kitanda cha mashua kwa kawaida ni kipande cha plaiwudi kilichofunika stoo, na ng'ambo ya stoo hiyo ni ubavu wa faiba unaogusana na bahari. Mvuke ukifika kwenye ubao hauna pa kupita, na ubao nao ni wa baridi kuliko mwili. Hapo hugeuka maji, kama chupa ya soda itolewapo kwenye friji ikaanza kutoka jasho mezani.

Hesabu yake ni hii. Chini ya blanketi, karibu na ngozi, joto huwa digrii 33 hivi. Hewa ya hapo ikiwa na unyevu wa asilimia 55, itaanza kudondosha maji ikikutana na kitu chochote chenye joto chini ya digrii 23. Katika Bahari ya Baltiki mwezi Mei maji hayafiki digrii 15, kwa hiyo ubao wa kitanda unakuwa mtego kamili. Mtu atasema Kilifi au Tanga, ambako bahari ni digrii 25 hadi 29, shida hii haipo. Ipo. Mtu akitokwa jasho kwenye joto, hewa iliyobanwa kati yake na godoro hufikia digrii 34 na unyevu wa asilimia 80, na hewa ya namna hiyo huanza kudondosha maji kwenye digrii 30. Tena huku kwetu hewa yenyewe imeshiba unyevu, basi kilicholowa hakikauki upesi, na ukungu huota kwenye sponji kabla wiki haijaisha.

Kabla ya kununua kitu chochote, jua kwanza maji yanatoka wapi. Doa lililo chini ya mabega na nyonga ni la mvuke. Unyevu uliofuata ukingo wa godoro upande wa ubavu unaweza kuwa mvuke uliogeuka maji kwenye faiba, au maji yanayoshuka kutoka kwenye bolti za sitahani, yaani sakafu ya juu ya mashua. Unyevu wa miguuni tu, kwenye kitanda cha omo, yaani mbele ya mashua, mara nyingi unatoka kwenye sanduku la mnyororo wa nanga. Gusa tone kwa ncha ya ulimi. Likiwa na chumvi, bahari inaingia mahali, na hakuna kitanda kitakachotengemaa mpaka pazibwe. Likiwa baridi, yaani halina chumvi, ni mvuke au ni mvua.

Fundi wengi huanza kwa kutoboa matundu kwenye plaiwudi. Yanasaidia, ila kidogo kuliko watu wanavyodhani. Matundu ya milimita 30 yakipangwa kila sentimita 10 yanafungua asilimia 7 tu ya ubao. Zilizobaki 93 bado ni mbao isiyo na tundu, iliyobanana na sponji. Na stoo ya chini ikiwa imeshindiliwa matanga na makoti ya mvua, hata hiyo 7 haina kazi. Ukitoboa, kaa mbali na kingo kwa sentimita 5, usikate mihimili, na upake ipoksi au vanishi mara tatu ndani ya kila tundu, maana plaiwudi hunywa maji kwa pale ilipokatwa, na tabaka zake huachana.

Dawa hasa ni chaga. Kwa kitanda cha sentimita 190, chukua chaga 24 zenye upana wa sentimita 6 na unene wa 2, uziachie nafasi ya sentimita 2 kati ya moja na nyingine. Zitajaza urefu huo bila kubaki hata sentimita moja, na karibu robo ya eneo inakuwa wazi. Usizilaze moja kwa moja juu ya plaiwudi. Ziegemeze kwenye fito tatu za unene wa sentimita 2 zinazokwenda kwa urefu wa kitanda, hewa ipate njia ya kutoka kichwani hadi miguuni. Zishikize kwenye mikanda miwili ya nailoni kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Hivyo unaweza kuzikunja kama mkeka unapotaka kufungua stoo. Misumari ya kawaida itatoa kutu ndani ya msimu mmoja na kuchora godoro. Gharama ya yote haya ni sentimita 4 za kimo, basi kaa kwanza kitandani uone kama kichwa kitagusa dari. Kikigusa, tandika badala yake wavu mnene wa plastiki wa sentimita 1 au 2, au zulia nene la makumbi ya nazi, ambayo huvumilia maji ya chumvi. Zulia hilo lazima litolewe juani kila baada ya siku chache.

Sponji yenyewe inatosha kuwa na unene wa sentimita 10. Kinachodanganya wanunuzi ni uzito wake. Sponji ya kilo 35 kwa mita moja ya ujazo inabeba nyonga za mtu mzima bila kuzama hadi ubaoni. Nyepesi kuliko hapo ni laini dukani na bapa baada ya miezi. Chukua mizani: kipande cha sentimita 190 kwa 60 kwa 10 kinapaswa kuwa na kilo 4 hivi. Kikiwa na kilo 2, umeuziwa nusu ya sponji, hata kama lebo inasema hai densiti.

Kosa kubwa la watu wanaoona godoro limelowa ni kulivisha nailoni au reksini. Wanafikiri wanazuia maji, kumbe wanayafungia ndani na aliyelala. Kava liwe la kitambaa kinachopumua, upande wa chini uwe wa wavu, na zipu iwe ndefu kiasi cha kutoa sponji bila kuikunja. Na chumvi isifike hapo kabisa. Chumvi ya bahari huvuta maji kutoka hewani unyevu ukizidi asilimia 75 hivi, na pwani yetu usiku hufika hapo bila taabu. Shuka lililoguswa na suruali yenye maji ya bahari halitakauka hata ulianike kutwa, mpaka ulisuuze kwa maji baridi.

Hewa nayo inahitaji milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Mashua iliyotia nanga huelekeza omo kwenye upepo, kwa hiyo kilango cha sitahani kinachofunguka kuelekea mbele kitadaka upepo na kuupitisha juu ya vitanda hadi mlango wa tezi, yaani nyuma. Usiku usio na upepo, feni ndogo ya volti 12 hutumia kama ampea 0.3, saa 8 ni ampea-saa 2.4, betri haitaumia. Kwenye nchi za baridi watu hushawishika kuwasha jiko la gesi ili wapate joto. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa takriban kilo moja na nusu ya maji, pamoja na hewa ya sumu inayoua mtu usingizini.

Haya yote ni ya mashua iliyotulia. Chombo kikianza kwenda mrama, yaani kuyumba kwa mawimbi, shida inahama kutoka chini ya godoro hadi pembeni yake. Kitanda cha omo, chenye umbo la pembetatu, ndicho kikubwa na ndicho kinachopendeza gatini. Baharini hupanda na kushuka kama ncha ya bembea, na aliyelala hurushwa. Lala katikati ya mashua, chini, na upande wa demani, yaani ule usiopigwa na upepo, ili mwinamo ukuegemeze ubavuni badala ya kukumwaga sakafuni. Upana wa sentimita 55 hadi 60 mabegani unatosha. Kitanda kipana baharini humchosha mtu, kwa sababu misuli hukaza usiku kucha kumzuia asibingirike, na huamka na mgongo unaouma akidhani sponji ndiyo mbaya.

Upande ulio wazi uwekewe turubai la urefu wa sentimita 120, kuanzia mabegani hadi magotini, kichwa kibaki na hewa. Kimo kiwe sentimita 45, ili 35 zibaki juu ya godoro. Likaze chini ya godoro kwa ubapa wa mbao na skrubu kila sentimita 10, kwa sababu litapokea uzito wote wa mwili kwa ghafla. Kamba za juu zifungwe kwenye bolti zilizopenya hadi ng'ambo, si kwenye kulabu za mapazia. Tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha, na ncha hiyo iwe upande wa ndani. Lijaribu mashua ikiwa bado gatini: zima taa, lala, ulifungue kwa mkono mmoja. Ikikuchukua zaidi ya pumzi mbili, lifunge upya.