Mannarasala: Hekalu la Nyoka Anayeitwa Babu

Karibu na mji wa Haripad, katika jimbo la Kerala kusini mwa India, kuna kichaka cha miti mikubwa kisichoguswa na shoka. Humo ndimo lilimo hekalu la kale la Mannarasala, la Nagaraja, mfalme wa nyoka. Wengi hudhani watakuta nyoka wamefungiwa vizimbani. Sivyo. Wanaokupokea njiani ni swila wa mawe waliotanua shingo, safu baada ya safu, wengine wamepakwa unga wa manjano. Inasemekana sanamu hizo zinapita 30,000.

Wenyeji husimulia kwamba zamani msitu wa jirani uliwaka moto. Vasudeva na mkewe Sridevi, ambao hawakujaliwa mtoto, wakawapokea nyoka waliokimbia, wakawapepea na kuwapaka asali na samli kwenye majeraha. Baadaye Sridevi akajifungua wawili: mwana wa kibinadamu na nyoka mwenye vichwa vitano. Nyoka yule akaingia chumba cha chini cha nyumba ya ukoo, na waumini wanasadiki yumo mpaka leo. Wanamwita Muthassan, yaani babu. Basi anayeabudiwa hapa ni ndugu. Ukilisahau hilo, ibada nzima itakupita.

Ajabu nyingine ni kwamba kuhani mkuu ni mwanamke. Huitwa Amma, mama, na cheo humfikia mkaza mwana aliye mkubwa katika ukoo. Uma Devi Antharjanam alikishika tangu 1993 hadi alipofariki Agosti 2023, akiwa na miaka 93. Siku ya Ayilyam, kati ya Oktoba na Novemba, Amma ndiye hubeba sanamu ya Nagaraja katikati ya umati.

Wanaokuja kwa uchungu zaidi ni wanandoa wanaotafuta mtoto. Huzunguka hekalu wakiwa na uruli, chombo kipana cha shaba iliyochanganywa na bati, kisha hukifudikiza mbele ya mungu wao. Kinabaki kimefudikizwa hivyo. Wakijaliwa, hurudi na mtoto mkononi, na chombo hufudikuliwa.

Mimi kama mtu wa uhifadhi, moyo wangu uko kwenye kile kichaka. Zamani familia nyingi za Kerala zilitenga pembe ya kiwanja kwa ajili ya nyoka, ikaitwa sarpa kavu. Kukata tawi humo ni mwiko. Kwa mwiko huo miti ya dawa, ndege na vidimbwi vya maji vilisalimika, na nyoka wakala panya wa mashamba ya mpunga. Sheria ya 1975 ilipofuta umiliki wa pamoja wa familia za Kihindu jimboni humo, viwanja vilizidi kugawanywa. Mrithi aliyepata kipande chenye kichaka hicho cha nyoka mara nyingi alihitaji pa kujenga. Miti ikaanguka, na sanamu za mawe zikahamishiwa mahekaluni. Baadhi ya zile zilizopangwa njiani Mannarasala zililetwa na familia ambazo vichaka vyao havipo tena.