Hiyo siriz umeikodisha au umeiuza?

Juzi nipo Mwaloni Kirumba nasubiri sato wangu akaangwe, akaja dogo mmoja anayetengeneza siriz hapahapa Mwanza, kanipa simu, "kaka hebu nisomee huu mkataba, kuna app ya striming, zile za kuangalia filamu mtandaoni, wananipa milioni nane." Epsodi kumi na mbili. Nikashuka mpaka ukurasa wa tano nikakuta nilichokuwa nakitafuta: haki zote, dunia nzima, milele.

Hapo ndo mkataba wenyewe ulipo, kurasa zingine ni mapambo tu (na mi ndo nalipwa kuyasoma hayo mapambo).

Nikamwambia we si umekulia ziwani, mtu akikodi mtumbwi wenu wa dagaa si mnakubaliana ni kwa giza moja, zile siku za kuvua bila mbalamwezi, mwezi ukitoka mtumbwi unarudi kwenu? Leseni ya striming ni hivyohivyo. Ile siriz ya Friends ilikuwa Netflix kule Marekani mpaka mwisho wa 2019, watu wakalia ilivyotolewa, kumbe haikuwa ya Netflix, ilikuwa ya kampuni ya Warner, muda ulipoisha wenyewe wakaipeleka kwenye app yao ya HBO Max 2020, na wakati huohuo Uingereza watu walikuwa wanaendelea kuiangalia Netflix kama kawaida, maana kila nchi ina makubaliano yake. Wakubwa wenyewe wanakodi, we unauza mtumbwi na injini yake?

Halafu piga hesabu. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inailinda kazi ya filamu miaka 50, sasa milioni nane gawa kwa 50 unapata laki na sitini kwa mwaka, siriz nzima. Akanyamaza.

Tukaandika jibu palepale: miaka miwili, Afrika Mashariki tu. Wakitaka wawe nayo wao peke yao sawa, ila hiyo ina bei yake, maana ukishasaini hivyo huweki YouTube wala hupeleki kwenye TV yoyote mpaka muda wao uishe.

Nikamuuliza na ule wimbo unaosikika baa kwenye epsodi ya tatu, una karatasi ya mwenyewe? Akasema ulikuwa unapiga tu spika za pale wakati wanashuti. Dah. Wanunuzi huwa wanaomba ruhusa ya kila kitu, stori, waigizaji, muziki, kimoja kikikosekana malipo yanakaa.

Sato akaja, tumekula, yeye mkono mmoja ugali mwingine simu anamtafuta prodyuza wa ule wimbo.